Redio ya mkononi, redio ya mezani au dishi: kipi kitangulie katika redio ya ridhaa

Redio ya ridhaa ni shughuli ya watu binafsi wenye leseni wanaowasiliana kwa redio kwa mapenzi yao, bila biashara. Kwenye megahezi 14.100, ndani ya fungu la masafa liitwalo bendi ya mita 20 kwa urefu wa mawimbi yake, upo mtandao wa vituo 18 vya ishara vilivyotawanywa duniani chini ya Umoja wa Kimataifa wa Redio za Ridhaa, IARU, pamoja na wakfu wa NCDXF wa Marekani. Kila kituo hupewa sekunde 10 katika mzunguko wa dakika 3, ambapo hutaja alama yake ya mwito, yaani jina lake la hewani, kwa milio mifupi na mirefu ya Morse, kisha hupiga mistari minne, yaani milio mirefu ya sekunde moja moja. Alama na mstari wa kwanza hurushwa kwa wati 100, mstari wa pili kwa wati 10, wa tatu kwa wati 1, na wa nne kwa sehemu moja tu ya kumi ya wati. Kenya imo katika mtandao huo kwa alama 5Z4B, Afrika Kusini kwa ZS6DN na Sri Lanka kwa 4S7B. Yeyote anayetaka kujua aanzie wapi katika redio ya ridhaa namshauri atenge jioni kadhaa za kusikiliza masafa hayo, hata kwa kipokezi cha kuazima, na ahesabu kwa kila kituo anasikia mistari mingapi. Bendi inapokuwa wazi, yaani mawimbi yake yanapofika mbali, mstari wa wati 10 husikika karibu sawa na ule wa wati 100, na mara nyingi ule wa wati 1 nao hufika.

Naanza na jaribio hilo kwa sababu linajibu swali ambalo wengi hulikosea wanapopanga fedha zao: redio iwe na nguvu kiasi gani. Kwa desibeli, kipimo cha kulinganisha nguvu, tofauti kati ya wati 100 na wati 10 ni desibeli 10, na kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye uso wa redio huhesabu desibeli 6 kwa kila hatua moja ya S. Kwa hiyo mtu anayekupokea kwa S9 unaporusha wati 100 atakupokea kwa zaidi kidogo ya S7 ukirusha wati 10, na mazungumzo yataendelea. Waya ulioinuliwa kutoka kimo cha mita 3 hadi mita 10 unaweza kukupa faida ya kiwango hicho kwa vituo vya mbali, kwa gharama ya kamba na kijana hodari wa kukwea mnazi. Katika ulinganisho huu, basi, kila chombo nakipima kwa kuangalia kitakukutanisha na nani mahali unapoishi, kinadai umeme kiasi gani, na kinakuachia fedha kiasi gani za antena. Ninamfikiria hasa mtu aliye Afrika Mashariki au mashariki ya Kongo, mwenye leseni au aliyeanza kuiomba kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake; walioko Ghuba, Ulaya na Amerika Kaskazini nitawataja pale ambapo mahali pao panabadili jibu.

Redio ya mkononi

Chombo hiki tumezoea kukiita simu ya upepo, na sura yake haihitaji maelezo, kwa kuwa walinzi wa majengo na madereva wa watalii hukibeba kila siku. Kwa mwana redio wa ridhaa kazi yake iko katika megahezi 144 hadi 146 na 430 hadi 440, nguvu yake ni wati 5 hivi, na bei yake ndiyo inayovuta watu: Baofeng UV-5R hupatikana kwa dola 20 hadi 40, ilhali za Yaesu na Icom hugharimu mara kadhaa ya hapo. Tofauti hiyo ya bei ina sababu. Redio ya bei ya juu huwa na kipokezi kisichozidiwa nguvu na minara ya FM na ya simu iliyoko mjini, na kirushio kinachotoa mawimbi safi. Katikati ya Nairobi au Dar es Salaam, redio ya bei ya chini inaweza kuziba masikio kabisa mahali ambapo ile nyingine inasikia vizuri.

Hata hivyo si ubora unaoamua hapa, bali umbali. Mawimbi ya masafa haya husafiri karibu sawa na jicho linavyoona. Mtu aliyesimama uwandani akiishika redio kwenye kimo cha mita 1.5 ana upeo wa kilomita 5 hivi, na wawili wa namna hiyo watasikilizana kwa takriban kilomita 10 ikiwa hakuna kinachozuia. Akipanda kilima chenye mita 100 juu ya tambarare, upeo wake unafika kilomita 41. Ndiyo sababu ripita, mtambo unaowekwa juu ya mlima au jengo refu ili upokee sauti dhaifu na kuirusha upya kwa nguvu, ni uhai wa redio ya mkononi. Kabla hujanunua, ulizia kwa wenye leseni walioko mkoani kwako kama ipo ripita inayofanya kazi, na kama wapo watu wanaoitumia. Ukijibiwa kwamba haipo, redio hiyo itakaa kimya mezani, na ukimya wa namna hiyo huwavunja moyo wanaoanza kuliko ugumu wowote wa kitaalamu.

Aliyeko Marekani ana jibu tofauti kabisa. Leseni ya kwanza ya huko, Technician, hupatikana kwa mtihani wa maswali 35 ambapo majibu 26 sahihi yanatosha. Inampa mtu ruhusa kamili katika masafa haya ya VHF na UHF lakini kipande kidogo tu cha masafa mafupi, na miji mingi ina ripita zaidi ya moja. Kwa mtu wetu anayeishi Columbus au Dallas, redio ya mkononi ndiyo mlango sahihi.

Kwa sisi tuliobaki, redio ya mkononi ina matumizi moja yanayonivutia kwa dhati, nayo ni anga. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kinazunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 400 na kina ripita ya ridhaa inayopokea kwenye megahezi 145.990, kwa toni ya hezi 67 (mlio wa chini unaoifungua ripita), na kurusha kwenye 437.800. Kinapopita juu yako una muda wa dakika 10 hivi tu, na kutokana na kasi yake utalazimika kuanza kusikiliza juu kidogo ya 437.800 na kushuka kadiri kinavyokuja na kuondoka, jumla ya kilohezi 20 hivi. Antena fupi iliyokuja na redio haitoshi kwa kazi hiyo, lakini antena ya Yagi, yenye fito zinazoelekeza mawimbi upande mmoja, iliyotengenezwa kwa bomba la plastiki na vipande vya utepe wa chuma wa fundi wa kupimia inatosha, na kuitengeneza ni kazi ya siku moja.

Neno moja la tahadhari kwa wanaonunua redio hizi sokoni: nyingi zinaweza kurusha katika masafa ya polisi, ya bahari na ya makampuni, na uwezo wa kifaa haukupi ruhusa. Zifunge masafa kabla hujamkabidhi mtoto au mgeni.

Wati 100 mezani, au wati chache mkobani

Hapa ndipo uzito wa uamuzi ulipo. Kabla simu za kiganjani hazijaenea, misheni, hospitali na hifadhi za wanyama ziliishi kwa redio za masafa mafupi, na mashariki ya Kongo watu huziita foni. Mwana redio wa ridhaa anatumia mawimbi yaleyale, yanayorudishwa duniani na tabaka la juu la anga, na kwa hiyo hahitaji ripita wala jirani mwenye leseni ili apate wa kuzungumza naye.

Redio ya mezani inayotajwa mara nyingi zaidi ni Icom IC-7300, iliyoingia sokoni mwaka 2016 na kubadili matarajio ya watu, kwa sababu ilileta kwa bei ya kati kipokezi kinachogeuza mawimbi kuwa tarakimu moja kwa moja, pamoja na kioo kinachoonyesha bendi nzima kwa wakati mmoja. Yaesu ilijibu kwa FT-710 mwaka 2022. Zote mbili zinatoa wati 100, zote zina kifaa cha ndani cha kulinganisha antena, yaani kuioanisha na redio, na zote hugharimu takriban dola 1,000 au zaidi kabla ya usafirishaji na ushuru. Sioni tofauti kati yao inayopaswa kumkosesha mtu usingizi. Chagua ile ambayo fundi aliye karibu nawe anaifahamu, au ile ambayo rafiki yako anayo, kwa kuwa menyu zake utazijifunza kwake. Yaesu FT-891 nayo inatoa wati 100 katika umbo dogo la kufungwa garini na kwa bei ya chini, lakini haina kifaa cha ndani cha kulinganisha antena, na kioo chake hakimsaidii sana mtu anayejifunza kuisoma bendi.

Kinachosahaulika dukani ni umeme. Redio ya wati 100 hunywa zaidi ya ampia 20 kwa volti 13.8 inaporusha kwa nguvu zote, na ampia 1 hivi inaposikiliza tu. Ukikadiria kwa kiwango cha juu siku ya saa 6 za kusikiliza na 2 za kurusha, unahitaji karibu ampia-saa 50, jambo ambalo betri ya sola ya nyumbani ya ampia-saa 100 inaliweza kwa taabu ikiwa taa na televisheni zinainywea pia. Icom IC-705, redio ya mkobani iliyotoka mwaka 2020, hutoa wati 10 ikipewa betri ya nje, huhitaji ampia 3 hivi kwa kurusha na chini ya nusu ampia kwa kusikiliza. Siku ileile inaishia kwenye ampia-saa 9. Betri ya lithiamu ya ampia-saa 12 na paneli ndogo ya sola vinatosha, na mtu anaweza kuvibeba hadi ufukweni.

Kwa bahati mbaya IC-705 haigharimu pungufu ya ile ya mezani, kwa sababu ndani yake wamejaza pia masafa ya 144 na 430. Ndiyo maana kwa anayeanza namwelekeza kwanza kwa Xiegu G90. Inatoa wati 20, ina kifaa cha ndani cha kulinganisha antena kinachovumilia waya wa karibu kila namna, na bei yake huwa chini ya dola 500. Kutoka wati 20 hadi 100 ni desibeli 7, yaani hatua moja na ushei ya S. Kipokezi chake hakilingani na cha IC-7300, hasa siku za mashindano ambapo vituo vyenye nguvu hujipanga bega kwa bega, lakini dola 500 au zaidi zinazobaki mfukoni zinanunua waya, kebo ya koaksi, betri, na bado chenji inarudi.

Kwa mwenye mikono mizuri ya kulehemu ipo njia ya nne. QMX ya QRP Labs, iliyotoka mwaka 2023, huuzwa kama vifurushi vya kuunganisha mwenyewe kwa takriban dola 100, hutoa wati 5 hivi, na ilibuniwa kwa ajili ya Morse na mitindo ya kidijitali kama FT8. Huja katika matoleo ya bendi tofauti. Kwa ukanda wetu ningeliacha lile linaloanzia mita 80, kwa sababu karibu na ikweta bendi za chini hujaa mikwaruzo ya radi kwa miezi mingi ya mwaka, na ningechukua la mita 60 hadi 15 au la mita 20 hadi 10.

FT8 inastahili maelezo yake. Ilitolewa mwaka 2017 na Joe Taylor, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1993, pamoja na Steve Franke. Kompyuta hurusha na kupokea kwa zamu za sekunde 15, na inaweza kusoma ishara ambayo sikio la binadamu haliitambui kabisa. Sharti kubwa ni saa ya kompyuta iwe sahihi kwa kiasi cha sekunde moja. Kwa kujua waya wako unafika wapi, hakuna chombo bora zaidi. Kwa kufahamiana na mtu haitoshi, maana kinachopokezanwa ni alama za mwito, mahali na kipimo cha usikivu, na baada ya hapo kila mmoja anaendelea na safari yake. Angalizo kwa wenye redio za wati 100: mtindo huu huibana redio bila pumziko katika zamu nzima, na kwa joto la Mombasa au Muscat ni busara kuishusha hadi wati 30 au 40.

Jambo ambalo linatufanya tulio huku tusiwe na haja ya nguvu nyingi ni alama zetu. Vituo vya Tanzania huanza kwa 5H, vya Kenya 5Z, vya Uganda 5X, vya Rwanda 9X, vya Burundi 9U na vya Kongo 9Q, na wanaoziendesha ni wachache ukilinganisha na maelfu ya wenzao wa Ujerumani au Japani wanaozitafuta. Katika shindano la CQ World Wide, linalofanyika wikendi kamili ya mwisho ya Oktoba kwa sauti na ya mwisho ya Novemba kwa Morse, Tanzania, Kenya na Uganda zimo katika kanda ya 37, na mtu akiita kutoka huko, wanaomjibu hujipanga foleni. Unguja ina thamani ya ziada kwa wanaokusanya mawasiliano na visiwa, nayo imeorodheshwa kama AF-032. Wati 5 kutoka Zanzibar zitajibiwa mahali ambapo wati 100 kutoka Stuttgart zingepita bila kutazamwa.

Waya, mnazi na bahari

Antena ya kwanza iwe dipoli, yaani waya uliokatwa katikati na kuunganishwa hapo na kebo ya redio. Urefu wake kwa mita hupatikana kwa kugawa 142.5 kwa masafa ya megahezi, hivyo kwa bendi ya mita 20 ni karibu mita 10, kwa mita 15 ni mita 6.7, na kwa mita 40 ni mita 20. Waya wa kawaida wa kufungia umeme nyumbani unafaa, vipande vya bomba la plastiki hufanya kazi ya vihami, na mwembe mmoja pamoja na pembe ya paa hutosha kuuinua. Dipoli ya mita 40 iliyofungwa chini, kwa kimo cha mita 5 au 6, hurusha mawimbi karibu wima, nayo hurudi chini ndani ya eneo la kilomita mia kadhaa. Huo ndio waya wa kumuunganisha mtu wa Arusha na wa Mbeya mchana, kwa Kiswahili, bila mtandao wa simu. Mwenye eneo dogo anaweza kutumia waya wa nusu wimbi unaolishwa mwishoni kupitia transfoma ya 49 kwa 1. Hufanya kazi katika bendi kadhaa na unahitaji mti mmoja tu wa kuinua ncha ya mbali, ingawa huleta kelele za nyumbani kwa urahisi zaidi kuliko dipoli.

Lakini aliye pwani ana zawadi ambayo mtu wa bara hawezi kuinunua. Antena ya wima iliyosimikwa ukingoni mwa maji ya chumvi hurusha mawimbi yake chini kabisa karibu na upeo wa macho, kwa sababu bahari hupitisha umeme vizuri mno kuliko udongo, na mawimbi ya pembe hiyo ndiyo yanayofika mabara mengine kwa miruko michache. Kwa bendi ya mita 20 inatakiwa nguzo ya mita 5 tu, mwanzi au fimbo ya kuvulia samaki inayobeba waya, na nyaya mbili za urefu uleule zilizonyooshwa kando kama mikono. Kati ya redio ya wati 100 iliyofungwa ghorofani Kariakoo na ya wati 10 iliyowekwa mchangani Bagamoyo maji yakiwa yamejaa, mimi nachukua ya Bagamoyo bila kusita. Mjini, chaja, taa za LED na inveta za sola hufunika bendi kwa mvumo usiokoma. Umeme ukikatika mtaa mzima, mwenye redio ya betri ndipo hugundua ni vituo vingapi vilikuwa hewani siku zote.

Chumvi ileile hula viungio, kwa hiyo kila kiungio cha kebo kifungwe kwa utepe wa mpira usiopitisha maji na kikaguliwe kila baada ya miezi michache. Walio kandokando ya Ziwa Viktoria, hasa Kakamega na Kisii ambako radi ni jambo la kila msimu, wasiache antena ikiwa imeunganishwa wanapoondoka. Na waya wowote uwe mbali na nyaya za umeme kiasi kwamba hata ukidondoka hauwezi kuzigusa.

Dishi la QO-100

Tarehe 15 Novemba 2018 ilirushwa setilaiti ya Qatar iitwayo Es'hail-2, ambayo ndani yake, kwa ushirikiano wa chama cha redio za ridhaa cha Qatar na AMSAT-DL, chama cha Ujerumani cha setilaiti za ridhaa, ulibebwa mtambo wa kwanza wa ridhaa kuwekwa kwenye setilaiti inayosimama mahali pamoja angani. Mtambo huo huitwa QO-100, uko nyuzi 25.9 mashariki, na unafunika Afrika yote, Ulaya, Ghuba, na kutoka Brazili hadi Thailand. Kwetu hali ni ya upendeleo mkubwa: kutoka Dar es Salaam iko nyuzi 72 hivi juu ya upeo wa macho, kutoka Nairobi 77, na kutoka Kigali zaidi ya 84, karibu utosini. Mtu wa London anaitafuta kwenye nyuzi 26 kati ya mapaa ya majirani. Wa Muscat kwenye nyuzi 44. Aliye Marekani haioni kabisa.

Kupokea ni rahisi kuliko jambo lolote nililoeleza hapa. Dishi la kawaida la televisheni la sentimita 60 hadi 90 lenye LNB yake, kile kipokezi kidogo kilicho mbele ya dishi, huelekezwa upya, na kwa kuwa sehemu ya mazungumzo ya sauti inarushwa kwenye megahezi 10,489.5 hadi 10,490 na LNB hupunguza 9,750, ishara hutokea karibu na megahezi 740, ambapo kipokezi cha USB cha dola 30 au 40 kinachochomekwa kwenye kompyuta huisoma. LNB hupotoka kidogo joto linapobadilika, lakini kituo cha ishara cha setilaiti yenyewe hukupa pa kujirekebisha.

Kurusha kunadai zaidi: megahezi 2,400, wati chache za mawimbi yanayozunguka kulia, kikuza nguvu kilichofungwa karibu na dishi kwa sababu kebo ndefu humeza masafa hayo, na redio ya kuanzia yenye SSB, mtindo wa sauti utumikao katika masafa mafupi, katika 144 au 430, ambayo masafa yake hupandishwa hadi 2,400. Hapo ndipo IC-705 inayastahili malipo yake, kwa maana inafanya kazi ya masafa mafupi na ya dishi pia. Hakuna FM katika mtambo huu, na hakuna anayeruhusiwa kusikika kwa nguvu kuliko kituo cha ishara cha setilaiti.

Ukilinganisha na waya, dishi linashinda kwa uthabiti: saa sita usiku au saa sita mchana, jua likiwa na madoa au likiwa tulivu, anayekuita kutoka Ureno anasikika kama aliye chumba cha pili. Linafaa mno kwa mpangaji wa ghorofa ambaye mwenye nyumba hatakubali waya wa mita 20 lakini hatashangaa kuona dishi. Linashindwa kwa jambo lile ambalo kwangu ndilo roho ya shughuli hii, yaani kungoja bendi ifunguke wakati wa machweo bila kujua itamleta nani. Kwa hiyo dishi nalipa nafasi ya kwanza mjini penye kelele, na nafasi ya pili mahali pengine pote.

Xenia au Friedrichshafen

Mikutano mikubwa inavuta kwa namna yake, na wapo wanaoanza kuweka akiba ya nauli kabla hata ya kuwa na antena. Mkutano mkubwa wa Marekani, Dayton Hamvention, ulianza mwaka 1952 chini ya chama cha wana redio wa Dayton. Tangu mwaka 2017 hufanyika katika viwanja vya maonyesho vya Xenia, Ohio, kwa siku tatu mwezi Mei, na mwaka 2024 ulipokea watu zaidi ya 35,000. Ule wa Ulaya, Ham Radio wa Friedrichshafen, umekuwepo tangu mwaka 1976 kando ya ziwa Bodensee kusini mwa Ujerumani, kwa kawaida mwishoni mwa Juni.

Kwa ununuzi wa vitu vilivyotumika, Xenia haina mpinzani, kwa kuwa soko lake la nje lina kila kitu kuanzia redio za taa za zamani hadi mabomba ya milingoti. Lakini liko uwanjani na mvua ikinyesha unatembea matopeni. Friedrichshafen kila kitu kiko ndani ya kumbi, ikiwemo soko la vitu vilivyotumika, na vyama vya kitaifa vya Ulaya huweka meza zao bega kwa bega, hivyo kukutana na mtu ambaye mwaka mzima umemjua kwa sauti tu ni rahisi zaidi. Aliyechagua njia ya dishi ana sababu ya nyongeza, kwa maana AMSAT-DL iko nyumbani kwao. Anayeishi Ulaya au anayesafiri kutoka kwetu aende Friedrichshafen. Anayeishi Amerika Kaskazini aende Xenia kwa gari ili apate pa kupakia. Mwenye leseni ya Afrika Mashariki asidhani kwamba itamruhusu kurusha huko moja kwa moja. Aombe kibali cha mgeni mapema.

Asiyeweza safari hizo hajakosa mkusanyiko. Jamboree ya hewani ya maskauti, JOTA, hufanyika kila Oktoba, na kwa nchi ambayo kaburi la Baden-Powell liko Nyeri, redio moja iliyofungwa uwanjani mwa shule siku hiyo huleta vijana wengi kuliko tangazo lolote.

Unaponunua kwenye meza za mikutano hiyo, omba redio iunganishwe na mzigo bandia wa omu 50, kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena, na irushwe mbele yako katika kila bendi, kisha usikilize kama feni inageuka. Vifaa vya kugeuza umeme wa ukutani vinavyouzwa Xenia vingine hukubali volti 120 tu, navyo vitaungua siku ya kwanza kwenye volti 230 au 240 za kwetu, kwa hiyo soma kibandiko cha nyuma. Pata ruhusa ya mamlaka ya mawasiliano kabla redio haijafika forodhani. Na fedha zikibana kiasi cha kuruhusu kitu kimoja tu, acha redio mezani pake uchukue NanoVNA, kipimo cha antena kinachoenea kiganjani na kupatikana kwa chini ya dola 100, pamoja na kebo ya koaksi iliyo nzuri na viungio vyake. Redio ya kawaida utaipata Nairobi, Dar es Salaam au kwa rafiki anayebadilisha, lakini kebo isiyovuja na kipimo cha kukuambia ukate waya sentimita ngapi ndivyo vitu vitakavyokusumbua kuvipata.